Kwenda na halwa, kurudi na mbatata

Kila nikishuka kwenye tuktuk pale mwanzo wa mtaa wetu Kisauni, begi mgongoni, sanduku la spana mkononi, macho mekundu kama nimejipaka pilipili, kuna mzee mmoja jirani yangu hukaanga viazi karai hapo jioni na lazima aniulize swali lile lile. "Haya, ushatoka matembezi?" Matembezi! Mtu nimelala kwenye basi shingo imepinda kama ndoana, nguo zanuka dizeli na mafuta ya kompresa, soksi nimezivaa siku ya pili (sawa, ya tatu), na yeye aona nimetoka kupunga upepo. Zamani nilikuwa nabishana naye. Siku hizi sibishani, na sababu yake ntaifikia, lakini wacha kwanza nieleze kazi yenyewe maana watu wengi wananiuliza inboksi kama safari za kazi ni raha ama ni taabu, na mimi jibu langu huwa latokana na siku uliyoniuliza.

Mimi ni fundi wa mashine za baridi. Si za nyumbani, ijapokuwa nikiwa nyumbani mtaa mzima hukumbuka kwamba friji zao ni mbovu. Zangu mimi hasa ni vyumba vya baridi vya samaki, matangi ya kupozea maziwa, na zile friji ndogo za chanjo zilizo kwenye zahanati. Ofisi iko hapa Mombasa lakini wateja wako kila pembe, Lamu, Voi, Taveta, Nyahururu, Garissa, mara moja moja mpaka Lodwar. Na mashine ya baridi haitoi notisi. Samaki wa kugandishwa anataka digrii 18 chini ya sifuri, maziwa yanataka 4, chanjo inataka kati ya 2 na 8, ikipanda zaharibika, ikishuka zikaganda kuna zengine ndo basi tena, za kutupa. Kwa hivyo simu ikilia saa tano usiku ujue kuna kitu mahali fulani kinapata joto na anayengojwa ni wewe. Miaka saba sasa. Kuna mwezi nalala kwangu siku kumi na mbili, kuna mwezi siku sita, na mke wangu ashazoea mpaka nikikaa wiki mbili mfululizo huanza kuniuliza kwani kazini kuna nini, wamekufuta?

Safari ya bara kwetu haianzii stesheni, inaanza usiku wa kuamkia, simu zaingia moja baada ya moja. Mama mkwe ana mgonjwa wake Nairobi apelekewe achari ya ndimu. Shoga yake mke wangu ana mtoto chuo Eldoret, nikamwambia Eldoret mimi sifiki, akasema si ni huko huko bara. Ukikataa una maringo, ukikubali unasafiri kama mkokoteni wa Marikiti. Na mimi mwenyewe nina halwa yangu, kilo mbili, nainunua Mji wa Kale ikiwa bado ya moto, na hiyo ni kwa ajili ya mzee mmoja wa chama cha wafugaji huko karibu na Nyahururu. Mwaka wa kwanza nilipoenda kutengeneza tangi lao nilikuwa na kipande cha halwa kwenye begi, masurufu yangu ya njiani, nikamkatia. Akatafuna, akanyamaza, akatafuna tena, akauliza hii ni dawa ya nini. Tangu siku hiyo akipiga simu haniiti jina langu, aniita Mombasa. "Mombasa, mashine iko sawa, lakini kuja tu uiangalie." Nshajua hapo. Mashine ina njaa ya halwa.

Treni naipenda, sitosema uongo. Tangu ianze 2017 kwenda Nairobi kumekuwa si safari ya kuagana tena, kilomita 472 hivi mpaka Syokimau kwa masaa matano ama sita, umekaa, choo kipo, na ukipita Tsavo wale ndovu wekundu (ni mchanga wa kule huwapaka hiyo rangi) unawaona dirishani wamesimama kama vichuguu mpaka kichuguu kimoja kitikise sikio. Hapo najiambia kuna watu wametoka ng'ambo wamelipa dola kuona hivi, mimi nimekatiwa tikiti na ofisi. Zile siti za kawaida zilikuwa 1,000, tangu Januari 2024 zikawa 1,500, lakini bado naona ni rahisi ukilinganisha na mgongo wangu. Ukaguzi wa stesheni yetu ya Miritini tu ndo si mchezo, mabegi yapangwa mstari chini, mbwa apita anusa, kisha mashine. Siku moja nikajisahau nikabeba mtungi mdogo wa gesi ya friji. Kosa langu mwenyewe, mitungi hairuhusiwi na mimi nilijua. Askari akauangalia, akaniangalia, nikaanza kumweleza tofauti ya gesi ya kupikia na R134a, kwamba hii hata uiwekee kiberiti haishiki moto, nikamtolea na somo la presha bure, abiria nyuma yangu wapiga miayo. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa, akasema, "Umemaliza, fundi? Haya, sasa irudishe nyumbani."

Nikapanda basi la usiku. Tangu hapo nikiwa na gesi ni basi ama pikapu ya kampuni. Na basi la usiku lina mambo yake, Mtito Andei dereva hutangaza dakika ishirini, watu wote twashuka kama tuliofufuliwa, chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, upepo wapiga, saa nane za usiku, na mabasi yaliyopangwa pale yote yafanana. Nshawahi kupanda la wenyewe. Nikaingia, nikakaa, nikajifunika kikoi, usingizi ukanichukua saa ile ile. Dada mmoja akanigusa bega, "Kaka, hiki ni kiti changu." Nikamwambia dada hebu angalia tikiti yako vizuri. Akaangalia yake, akaomba yangu, kisha akaniuliza kwa upole, "Kwani wewe unaenda wapi?" Nikamwambia Nairobi. Basi zima likacheka. Lilikuwa larudi Mombasa.

Sasa Nyahururu. Mimi skuli nilifundishwa ikweta ni joto, na ikweta yapita pale pale pembeni ya mji, kuna kibao chake watu wapigia picha, lakini hamna mwalimu aliyeniambia kwamba ukiwa mita 2,300 na ushei juu ya bahari hiyo ikweta haikusaidii kitu. Mwezi wa saba usiku nalala na suruali mbili, koti, kikoi kichwani, blanketi tatu za lojing ambazo zikishakulalia huwezi hata kugeuka. Bomba la maji moto lina waya zake zaning'inia juu ya kichwa, ukiligusa lakupa kishoti kidogo cha kukusalimia, mimi fundi najua pale waya wa ardhi haupo na bado naoga, maana hiari ni hiyo ama maji ya kisima. Siku ya kwanza nilimuuliza yule mzee, na nyinyi mashine ya baridi ya nini, si muyaweke maziwa dirishani yalale hapo? Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini kusema kweli hesabu yake haiko hivyo, maziwa yatoka kwa ng'ombe na joto la mwili wake, digrii 38 hivi, na ukishayamimina lita elfu mbili kwenye tangi moja yale ya katikati hayasikii habari ya baridi ya nje, yakikaa hivyo masaa machache bakteria wafanya harusi. Lazima uyasukume mpaka 4, na uyasukume haraka.

Na wali. Nilikuwa nadhani watu wa huko hawajui tu kupika wali, kila ninapokula kiini kigumu, nikasema basi bila nazi ndo wamechanganyikiwa. Mpaka siku moja nikatoa kile kipimajoto changu cha kazi nikakitia kwenye sufuria ya maji yachemka jikoni kwa yule mama wa hoteli, ikasoma 92. Yaani maji yatokota na bado hayajafika mia! Kumbe ni kitu kile kile ninachokifanyia kazi kila siku, presha ya hewa ikipungua maji huchemka mapema, na wali wataka moto si mapovu. Nikawaomba radhi kimoyomoyo wapishi wote wa milimani. Ikiwa we ni mtu wa pwani na wataka kula vizuri safarini, we tafuta msikiti kwanza, karibu kila mji wa Kenya kando ya msikiti hukosi hoteli ya Msomali ama ya Mwarabu yenye wali wa kueleweka na mtu wa kukwambia "karibu ami" bila kukujua.

Haya tuje kwenye risiti, na hapa ntakaa kidogo maana nina uchungu. Ukitaka kujua safari ya kazi ni nini usimuulize msafiri, muulize mhasibu. Kampuni hukupa pesa mkononi kabla ya kuondoka, impresti, ukirudi una siku tatu uzitolee hesabu kwa karatasi, usipofanya hivyo zakatwa mshaharani. Zamani kijikaratasi chenye muhuri kilitosha, hata muhuri wenyewe ukiwa wa duka la viatu. Tangu mwanzo wa 2024 sheria ikawa gharama isiyo na risiti ya eTIMS, zile za kielektroniki za KRA, watu wa kodi, biashara haiwezi kuitoa kwenye hesabu yake ya kodi, basi dada yetu wa akaunti akageuka askari. Simlaumu, afanya kazi yake. Lakini mama auza mahamri Garsen saa kumi na moja alfajiri kwenye beseni, taa yake ni ya simu, anitolee eTIMS wapi?

Kubwa ilikuwa ya punda. Kulikuwa na kompresa ya chumba cha samaki Lamu, kilo arobaini, nikaitoa Mombasa kwa basi zaidi ya kilomita 300, Malindi, Garsen, Gamba twashushwa sote twaonyesha vitambulisho, Witu, mpaka Mokowe, pale ikaingia kwenye boti ikavuka, na ukifika gatini Lamu mjini habari ya gari isahau, vile vichochoro mtu na mtu wakipishana mmoja ajibana ukutani. Kwa hivyo punda. Mia tano, na mwenye punda alifanya kazi ya elfu, punda mwenyewe alikuwa na akili kunishinda, kila kona alijua akate vipi kompresa isigonge nguzo za watu.

"Fundi, hii mia tano ya usafiri risiti iko wapi?"

"Dada, huyo alikuwa punda."

"Sawa, risiti iko wapi?"

"Punda hana PIN ya KRA."

Hakucheka. Ile mia tano nililipa mimi mpaka leo.

Na watu wakisikia posho wadhani ni utajiri. Mwaka jana watu walinipigia simu kunipongeza, ati kuanzia Julai 2025 posho ya safari isiyokatwa kodi imepandishwa kutoka 2,000 kwa siku mpaka 10,000. Nikawaambia jamani hicho ni kiwango cha kodi, sio kiwango cha bosi wangu, mimi hata ile 2,000 ya zamani nilikuwa naiangalia kwa chini. Lakini sitokufuru. Nina vyumba viwili vya mabati nilivyojenga nyuma kwa mama, na kila bati pale ni posho. Lile upande wa mlango ni Lodwar, siku kumi na moja, nililala chumba cha feni bovu mimi fundi wa baridi, na nikala chapati maharagwe asubuhi na jioni ili ibaki. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati mke wangu asikia mvua, mimi nasikia maharagwe.

Kuna safari nyengine Lamu ya mwisho wa 2023, zile mvua za El Niño. Kazi nimemaliza, begi nimefunga, nikaambiwa Lango la Simba maji yamekula barabara, mabasi hayapiti. Nikakaa siku nne zaidi nina mashati mawili. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira na dunia nzima, nampigia bosi, nampigia mke, naenda gatini narudi, kama kwamba nikienda gatini mara nyingi barabara itatokea. Mzee mmoja barazani aliniona nikipita mara ya tano akaniambia, "Keti kitako, mai yatapungua." Nikaketi. Nikaona huku hata maji yenyewe yamepunguzwa herufi, watu hawana haraka. Jioni ile yule mzee akauliza kazi yangu, nikamjibu, na ndo likawa kosa ama bahati, maana kesho yake kulikuwa na friji tatu zangoja kwenye ukumbi wake. Nikatengeneza bure, sina pa kwenda, nikalipwa mkate wa mofa, kamba wa kukaanga, kahawa na maneno mengi sana. Siku ya nne boti na basi zilipopatikana nilikuwa nishajua nani kaoa wapi na nani hasemezani na nani mtaa mzima, na nilipoondoka yule mzee akanipa mfuko wa maembe akasema, "Umeona, ulikuwa wataka kukimbilia wapi?" Ile safari kwenye karatasi za ofisi imeandikwa hasara.

Ramadhani ni kesi nyengine. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na mimi kwa maneno nilikuwa hodari, nafunga safarini kama nyumbani, mpaka Garissa mwezi wa tatu, juu ya paa la chumba cha baridi kwenye lile jua, nikashuka ngazi nikaona nyota mchana. Nikafungua. Nikafungua na kesho yake. Mwisho wa mwezi nilikuwa na deni la siku tisa, na siku za kulipa huwa haziji na utamu wa Ramadhani, hakuna daku ya pamoja wala kaimati, ni wewe peke yako Jumatatu na Alhamisi waangalia saa huku wenzako kazini wala chipsi. Halafu ukiwa wazilipa bosi akutuma tena Garissa.

Na sasa lile nililosema ntalifikia.

Ami yangu ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Alikuwa na kibanda cha friji Majengo, mimi nikitoka skuli naenda kumshikia tochi. Hakuniruhusu kugusa spana mwaka mzima. Alikuwa akisema isikilize kwanza, kaa uisikilize, mashine hujisema yenyewe, na kweli mpaka leo nikifika kwa mteja nainamisha kichwa kwanza kabla ya kutoa geji, wateja wengine wadhani naomba dua. Mwaka juzi alikuwa mgonjwa kidogo kidogo, leo yuko hivi kesho vile, na mimi niko Nyahururu, nimelala chini ya lile tangi nimetoa kompresa yote iko vipande vipande kwenye gunia, saa tatu asubuhi, simu. Mtoto wake. Hakuzungusha. "Ami yako hatunaye. Alasiri inshallah."

Watu wa bara nikiwahadithia huniuliza kwani hawangeweza kungoja. Hawangojwi watu kwetu, maiti huwa haikawizwi, akifa asubuhi jioni yuko kaburini, hiyo ndo heshima yake. Nikakaa pale chini nikapiga hesabu, Nyahururu mpaka Nairobi masaa matatu ukipata gari lijalo haraka, treni ya asubuhi ishaondoka, na ya saa tisa hata ningeipata ningefika Miritini usiku. Ndege sijui nini, nauli sina, na hata ingekuwepo haikutani na Alasiri. Nikapiga tena. Hesabu ni ile ile. Na nje kwenye foleni watu walikuwa washafika na mitungi yao ya asubuhi, punda na mikokoteni na pikipiki, lita zaidi ya elfu na tangi liko wazi. Maiti haingoji na maziwa hayangoji. Nikafunga ile kompresa. Mikono ilikuwa yajua kazi yenyewe, mimi sikuwepo.

Yule mzee wa chama alipoambiwa hakusema pole wala nini. Alileta kigoda akakaa kando yangu, akanishikia tochi. Kutwa. Halwa yake ilikuwa juu ya meza ya ofisi imefungwa vile vile na hakuigusa. Tulipowasha na tangi likaanza kuvuma tukalisikiliza wote wawili, nikaangalia simu, ilikuwa saa kumi kasoro, kule Kikowani wako kaburini. Usiku nikaondoka, na alipokuja kuniaga stendi alikuwa na gunia zima la mbatata kwenye pikipiki, akasema kwao mtu haendi msibani mikono mitupu, nipeleke. Ukimwambia mtu una gunia la kilo hamsini na una haraka atakwambia uliache, mimi sikuthubutu. Lilipanda matatu, likapanda basi, nililipia kama mtu.

Nikafika, nikaenda mpaka kaburini peke yangu, nikarudi kwenye matanga. Lile gunia likaingia jikoni kwa kina mama, likaliwa kwenye hitma siku ya tatu, hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Mtoto wa ami akawa ananieleza mambo yalivyokwenda, nani alimuosha, swala ilivyojaa, kisha akanyamaza, akasema, "Kushuka ndani ilikuwa ushuke wewe. Basi alishuka jirani yako." Jirani gani? Yule wa viazi karai. Mtu wa miaka sitini na kitu, magoti mabovu, hata hakuwa na ujamaa na ami zaidi ya kumuuzia viazi. Alisimama watu walipotazamana, akakunja kanzu yake, akashuka.

Nikamwendea jioni ile sina la kusema. Yeye naye hakusema kitu, akanipa viazi vya shilingi ishirini na ukwaju, akakataa pesa. Nikawa nimesimama pale nala. Mwisho nikamwambia kumebaki mbatata za bara kidogo kule nyumbani, azitaka? Akasema zilete nizione. Akachukua moja akaibonyeza kwa kidole gumba, akaikata kati, akaipitisha ulimini. "Hii haina maji," akasema. "Hii ndiyo."

Basi ndo hivyo, kila nikienda huko narudi na mbatata. Tukiwa na pikapu nasimamisha Soko Mjinga pale njia ya Naivasha (sijawahi kujua mjinga ni muuzaji ama mnunuzi, mara nyingi nashuku ni mimi), nachagua moja moja, mpaka dada wa akaunti aliwahi kuniuliza mbona pikapu ya kampuni yarudi na mchanga mwekundu nyuma. Risiti yake hakuniomba, hiyo namshukuru.

Juzi nimerudi. Siku tisa, mbili za mwisho bila kuoga, bomba lile sasa limekufa kabisa. Nikashuka tuktuk, yeye yuko pale, karai lachemka, watoto wamejazana na sarafu zao.

"Haya, ushatoka matembezi?"

"Nshatoka."

Nikamtulia mfuko kando ya jiko. Akauinua kidogo kupima uzito, akarudi kwenye karai lake. Mimi hata begi sijalitua simu ikaingia, bosi, Jumatatu ni Taveta, chumba cha baridi kimezima. Mzee akanisikia.

"Wapi tena?"

"Taveta."

"Taveta si kwa ndizi kule?"

Nikamwambia ni kwa ndizi, mbatata huko sizioni. Akageuza viazi upande wa pili, akafikiri.

"Ndizi nazo," akasema, "si zakaangika?"